Sauti ya Somoe na Sabufa Zangu Nne

Nyie vijana mnaotaka kuingia kwenye kazi ya kukodisha muziki, na nyie mlioingia tayari mkidhani mnajua, someni hii mpaka mwisho ndipo mwende dukani. Simkatazi mtu kununua anachotaka. Lakini nimeona wengi wanakwenda Kariakoo asubuhi na akili zao, jioni wanarudi na masanduku mawili makubwa kama makabati, na ukiwauliza mwimbaji atajisikia kwa kitu gani, wanakutazama kama umewatukana.

Kazi hii nimeifanya tangu enzi za kaseti mpaka hizi za simu. Nimepiga muziki kwenye harusi, sherehe na mikutano, Bagamoyo mjini, Mapinga, Fukayosi, mpaka Msata kule njia panda. Sasa nimepumzika, vyombo wanavishika mwanangu Hamadi na mkewe Saida. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee nitawaandikia hesabu za wati. Nitawaandikia nilivyoharibu, na nilivyorekebisha.

Nilikuwa na sabufa nne, zile spika za besi za inchi kumi na nane, mbili kila upande. Siku zilipoteremshwa kwenye gari mtaa mzima ulitoka kutazama. Harusi ya kwanza niliyozipeleka, mabati ya jirani yalilia. Watu wakasema, Mama Hamadi kaleta muziki sasa. Nikavimba kichwa. Nikawa napita sokoni taratibu ili wanaotaka kunisifu wanikute.

Monita sikununua. Nilikuwa na spika mbili za sebuleni alizoniachia marehemu mume wangu, moja ile spika yake ndogo ya sauti nyembamba imeshakufa. Nikazilaza mbele ya waimbaji, nikasema hizo zinatosha. Akili yangu ilikuwa kwa wanaocheza. Mwimbaji nilimwona ni mtu wa kazi tu kama mpishi, atajua mwenyewe.

Kwa asiyejua, monita ni ile spika inayomtazama mwimbaji badala ya kuwatazama watu. Kazi yake ni kumrudishia sauti yake mwenyewe. Spika kubwa zinatazama mbele, mwimbaji yuko nyuma yake. Kinachomfikia kwa wingi ni besi, maana besi haina mbele wala nyuma, inazunguka kama moshi wa kuni. Sauti yake yeye imeshakwenda zake kwa watu. Sasa mtu asiyejisikia anafanya nini? Anapayuka. Hata wewe ukiziba masikio yako na vile vidude vya simu ukaongea, mama yako jikoni anakuuliza unagombana na nani.

Somoe ni shoga yangu tangu hatujavunja ungo. Ana kikundi cha kinamama, wanapiga matari, ngoma mbili na kinanda, wanaimba harusini wamekaa mkekani kama walivyokaa mama zetu. Sauti yake ilikuwa ikipanda huwezi kusema imepanda lini. Wengine wakiimba unaona wanavyopanda ngazi. Yeye unamkuta juu tu.

Tulipoanza kupiga na sabufa zile nne, aliniambia.

"Mama Hamadi, mimi sijisikii."

"Imba, watu wanakusikia."

"Watu sawa. Mimi je?"

"Wewe si unajijua ulivyo? Imba, mwanamke!"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Harusi iliyofuata akaniambia tena. Ya tatu akaniambia. Kisha akanyamaza, nami nikaona amezoea. Kumbe alichozoea ni kupiga kelele. Alikwenda hivyo misimu miwili ya harusi.

Siku moja alasiri, katikati ya wimbo, sauti ikamwacha. Ilikwaruza, ikawa hewa, halafu pale pa kupanda juu kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wakadhani ni maiki. Hamadi akakimbia na maiki nyingine. Somoe akaipokea, akanitazama, akaiweka chini juu ya mkeka. Kinamama wenzake wakamalizia wimbo bila yeye.

Daktari wa koo huko Dar es Salaam alimwambia ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, na vimeletwa na kupayuka. Anyamaze kabisa. Hata kunong'ona asinong'one, jambo lililotushangaza sote. Akipata nafuu aongee kwa upole, kisha aanze kuimba kidogo kidogo. Akijilazimisha tena, huenda sauti isirudi ilivyokuwa. Kwa wiki nyingi Somoe aliongea kwa mikono na kwa kugonga sufuria. Mumewe akaniambia, "Shemeji, siku hizi nasikia taarifa ya habari mpaka mwisho." Alicheka peke yake.

Nina jambo la kuwaambia kuhusu Mzee Kombo kwanza, maana bila yeye nisingejua hata pa kuanzia.

Mzee Kombo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio pale mjini. Mimi nilianza kwenda kwake kupeleka spika zilizoungua, mwisho nikawa nakaa naangalia. Alikuwa mkali. Ukimuuliza swali la kijinga anakupa bisibisi ushike, basi, ndiyo jibu lako hilo, ushike mpaka amalize. Alinifundisha vitu viwili ambavyo mpaka leo sijaona duka linalomfundisha mteja.

Cha kwanza, ukinunua spika iliyotumika, weka vidole vya mikono yote miwili kwenye ile karatasi yake ya mbele inayotetemeka, kushoto na kulia, isukume ndani taratibu na sawasawa, kisha inamisha sikio. Ikienda na kurudi kimya, nzuri. Ikikwaruza, koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, imeungua au imepinda, iache hapo hata ukipewa na chai. Nusa pia. Koili iliyoungua ina harufu yake, na hakuna muuzaji anayeweza kuipaka rangi harufu.

Cha pili ni betri ya tochi. Toa spika kwenye amplifaya, chukua betri moja, gusisha upande wa juu wa betri kwenye alama ya kujumlisha ya spika, na upande wa chini kwenye alama ya kutoa. Gusa tu, usishikilie. Karatasi ikiruka nje, waya ziko sawa. Ikiingia ndani, zimepishana.

Hili la betri nililidharau mpaka nilipofika Msata. Tulialikwa kwenye ufunguzi wa duka, pale malori yanapopita, tukaenda na sabufa mbili tu. Hamadi alikuwa amefungua sabufa kuzipangusa vumbi, akarudishia waya kwa haraka. Tukawasha. Besi hakuna. Tukaongeza. Hakuna. Ukisimama karibu na sabufa moja unaisikia, ukisimama katikati yao imepotea kama imezikwa. Mwenye duka akaja.

"Mama, umeniletea masanduku matupu?"

"Subiri, yanapashwa moto."

"Yanapashwa moto kama maandazi?"

Lori likapita, likapiga besi kuliko sisi, watu wakalipigia makofi. Nikamtuma Saida akanunue betri. Tulipozijaribu, moja iliruka nje, ya pili ikaingia ndani. Moja inasukuma hewa na nyingine inaivuta, zinalana zenyewe kwa zenyewe, mteja anabaki na njaa. Tukageuza waya mbili, besi ikarudi. Kwa hiyo usikimbilie kuongeza sabufa kabla hujajua kama ulizonazo zinasaidiana au zinagombana.

Na mkinunua sabufa huku kwetu pwani, pindueni sanduku mtazame chini. Yapo masanduku ya mbao za kubandika na yapo ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Yote yakipakwa rangi nyeusi yanafanana. Lakini huu upepo wetu wa chumvi na unyevu, ule unga unavimba pembeni kama mkate uliotiwa kwenye chai, halafu misumari inalegea, halafu sanduku linaanza kutetemeka kuliko wimbo. Uliza amplifaya pia. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kuendesha sabufa kubwa inaitoa roho. Watu wanadhani spika inaungua kwa kupewa nguvu nyingi tu. Nimezika nyingi zilizoungua kwa kupewa nguvu kidogo chafu, huku mtu anazungusha kitufe hadi mwisho.

Narudi kwa Somoe.

Binti yake wa mwisho, Mgeni, alikuwa anaolewa baada ya mfungo. Dada zake wawili walipoolewa, mama yao aliwaimbia mwenyewe. Kwa Mgeni ikawa haijulikani, na ndugu walishaanza kutaja majina ya waimbaji wengine. Somoe alikuja kwangu, wakati huo ameruhusiwa kuongea kwa upole. Akakaa ukumbini, akanywa maji, akasema:

"Mgeni namwimbia mimi."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema nisipige kelele. Hakusema nisiimbe. Anayenipigisha kelele ni wewe."

"Kweli."

"Basi shughulika."

Alipoondoka nikamwita Hamadi, nikamwambia tunapeleka sabufa mbili dukani tukabadilishe na monita nne. Akashika kiuno.

"Mama, tubaki na sabufa mbili? Watatucheka."

"Watacheka. Kicheko chao hakimwoteshi mtu vinundu kooni."

Dukani nilikwenda na Somoe mwenyewe. Shikeni hilo. Hakuna anayenunua kiatu cha mtu bila mguu wake. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, nywele zimechongwa.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

"Karibuni. Hizi sabufa zimeingia juzi tu, ukiipiga hii jirani anahama."

"Jirani yangu simtaki ahame. Nionyeshe monita."

Akatuonyesha, akafungulia wimbo wake wa simu, kila monita ikaimba vizuri. Nikamwambia azime.

"Wimbo wa dukani kila spika inauweza. Leta maiki."

"Maiki, mama?"

"Unauza spika za waimbaji na maiki huna?"

Akaitafuta, akaileta na waya umejifunga kama utumbo. Nikamwambia afungulie pia ile sabufa yake inayohamisha majirani.

"Mama, nikifungulia hiyo hatasikia kitu."

"Ndiyo maana nataka ufungulie."

Somoe akashika maiki, akaongea kwa sauti ile ile ya kumwomba jirani chumvi. Monita ya kwanza ilikuwa kubwa, ya inchi kumi na tano, na yule kijana aliisifu sana. Sauti ikatoka kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Somoe akatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa kali, inachoma kama bati linakatwa. Akatikisa kichwa. Ya tatu ilikuwa ya inchi kumi na mbili, kona imechubuka, imewekwa huko nyuma imebebeshwa maboksi. Somoe alisema maneno matatu tu, akainua mkono.

"Huyu mimi," akasema.

Kijana akasema hiyo haina besi. Nikamwambia besi ninayo nyumbani. Kwenye monita ya mwimbaji sitafuti utamu, natafuta maneno. Mwimbaji akisikia "ma" na "na" anazitofautisha, hapayuki.

Nikafanya jaribio la mwisho. Nikachukua maiki nikatembea nayo mbele ya ile monita, nikaongeza sauti mpaka ikaanza kupiga mluzi. Zipo zinazopiga mluzi ukiongeza kidogo tu, hizo ni ugonjwa. Hii ilivumilia. Na shikeni, mluzi ule mara nyingi unatokana na mahali ulipoweka maiki: kisogo cha maiki ndicho kitazamane na monita, siyo uso wake. Na mwimbaji anayeishika maiki kwa kuifunika kichwa na kiganja, kama wale wanaoigiza vijana wa televisheni, mwambieni aondoe mkono. Akikataa, mpeni maiki mbovu.

Tukabadilishana, tukarudi na monita nne za aina hiyo.

Nyumbani tukatandika mkeka uani, tukazipanga. Hamadi aliziweka hatua tatu mbele, zimeinamia nyuma, kama alivyoona kwenye bendi za hoteli. Akasimama, akaongea kwenye maiki, akasema safi. Mimi nikasimama, nikasema safi. Saida alikuwa amekaa mkekani anafungua waya, akasema bila hata kuinua kichwa:

"Mama, huku chini hakuna kitu. Sauti inapita juu ya kilemba changu."

Nikakaa. Kweli. Zile monita zimekunjwa zimtazame mtu aliyesimama. Waliozitengeneza hawajamwona mwimbaji aliyekaa mkekani na tari mapajani. Sisi tulikuwa tunazipanga kwa ajili ya watu wa hoteli, halafu tunamwimbisha Somoe. Miaka yote ile ningeweza kununua monita za dhahabu, zingeimba mbinguni yeye akabaki kiziwi.

Dawa ilikuwa rahisi. Tukazisogeza karibu, hatua moja na kidogo kutoka mkekani, na kila moja tukaipachika kibao nyuma yake, chini, ili uso wake uache kutazama juu na utazame kifua na masikio ya aliyekaa. Saida akaongea, akacheka mwenyewe kwa kujisikia. Vibao vile vinne tukavipaka rangi nyekundu visipotee jikoni.

Sabufa mbili zilizobaki nazo zikapata adabu. Zamani nilikuwa naweka mbili kila upande, na wenye shughuli wakiwa na jukwaa la mbao nazipandisha juu yake zionekane. Makosa. Jukwaa la mbao lina uwazi chini, sabufa ikipiga linageuka ngoma, maiki zinaokota ule mngurumo na kuurudisha kwenye spika. Wekeni sabufa ardhini, zote mbili pamoja, mbali na mkeka. Zikiwa pamoja zinasaidiana, hamtajutia zile mlizouza. Na angalieni ukuta ulio nyuma yake. Fukayosi niliwahi kuziegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya udongo, sikujua upande wa pili ndipo lilipo kabati la vyombo. Wimbo wa tatu tukasikia sahani zinashuka moja moja. Mwenye nyumba akatoka na mpini wa kikombe mkononi. Alinionyesha tu ule mpini.

Siku ya harusi ya Mgeni tulifika Mapinga mapema, kabla ya adhuhuri. Nyumba ya Somoe ina uwanja mzuri wa mchanga. Seif, kaka yake Somoe, ndiye alikuwa msimamizi wa shughuli. Akazunguka gari letu mara mbili.

"Mama Hamadi, sabufa nyingine ziko gari la pili?"

"Hakuna gari la pili."

"Wakwe wanatoka Dar. Wamezoea muziki wale."

"Waambie nimezeeka."

"Mimi nitawaambia nini, bi mkubwa? Unataka kutuaibisha."

Nikamwacha anaongea, nikaenda kupachika vibao.

Alasiri wakwe wakafika, kinamama wakakaa, Somoe akakaa katikati ya wenzake. Hamadi alikuwa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, mbali, upande wa wageni, kama inavyotakiwa asikie wanachosikia wageni. Wimbo wa kwanza nilisimama pembeni namtazama Somoe shingoni. Shingo imetulia. Anaimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, na sisi tunamsikia mpaka barabarani. Alifumba macho. Alianza hata kuyachezea maneno, anayavuta, anayaachia. Nilikuwa sijamsikia hivyo tangu siku za kaseti.

Wimbo wa pili ulikuwa wa Mgeni mwenyewe, anamtaja kwa jina na kumuaga. Hapo ndipo kinamama walipoinuka kumtuza. Nyie mnajua tunavyotuza. Mtu haji na noti peke yake. Alikuja wa khanga, akaja wa beseni, wa ndoo, wa sufuria, kila mmoja anacheza mpaka mbele ya mkeka na kuweka zawadi yake chini, na chini yenyewe ndipo zilipo monita. Mara khanga zimefunika moja, ndoo na beseni zimeziba ya pili. Na shangazi wa bwana harusi, mama mnene, amechoka kucheza, akaikalia ya tatu, ile ya Somoe mwenyewe, akajipepea.

Mimi niliyejaribu spika dukani, nikajaribu nyumbani, nikapima na kibao, sikufikiria kabisa kwamba watu watakuja kutuza. Harusi zote zile nilizofanya!

Nikaona mishipa ya shingo ya Somoe imesimama. Amefumbua macho. Anaimba kwa nguvu, anaiwinda sauti yake kwenye kelele za vigelegele na besi. Nikamtazama Hamadi, akaniinulia kidole gumba, maana huko mbele kila kitu ni kitamu. Na Seif yuko begani kwake anamwambia ongeza, wakwe wamechangamka. Hamadi akaongeza besi.

Kufika mkekani sikuweza, wanawake wamejaa kama utitiri. Lakini amplifaya ya sabufa ilikuwa karibu yangu. Nikaizima.

Besi ikaondoka uwanjani mara moja. Watu wakageuka. Seif akaja mbio, kofia mkononi.

"Nani kazima?"

"Mimi."

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya dada yako. Mtazame shingo."

Akatazama. Sijui aliona nini, lakini alivaa kofia yake akarudi kwa wakwe. Nikapenya katikati ya wanawake kwa viwiko mpaka mbele, nikamwinamia yule shangazi.

"Mama, samahani, ulichokalia ndicho sikio la mama wa bibi harusi."

"Mie nilidhani kigoda!" Akainuka kama ameungua, naye ndiye aliyenisaidia kuondoa ndoo na mabeseni, anawafokea wenzake kama vyombo ni vyake. Saida akazoa khanga. Kinamama wa matari walishaona besi haipo, wakakaza mikono, wageni wakaanza kupiga makofi kujaza pale palipopungua. Sauti ya Somoe ikashuka. Mishipa ikalala. Akamaliza wimbo wa mwanawe mpaka neno la mwisho.

Lakini alikuwa ameimba karibu ubeti mzima akijilazimisha, na mimi nilihesabu kila mstari. Alipomaliza alishika koo, akanywa maji, akainuka kwenda kumsindikiza Mgeni. Nilimwita. Alinipungia mkono tu. Mgeni akaingia garini, gari likaondoka, Somoe akaingia ndani na mlango ukafungwa. Tukapakia vyombo, tukarudi nyumbani.

Asubuhi yake nikapanda gari la kwanza kwenda Mapinga. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, na kila nilivyoyapanga hayakutosha. Nikashuka, nikaifuata ile njia ya mchanga, na kabla sijafika kwenye ua nikasimama.

Somoe alikuwa mlangoni na mchuuzi wa samaki.

"Kibua hiki jicho limeshazama, unaniletea mimi? Kirudishe kwa mama yako akakupikie."

"Mama, ni wa leo asubuhi, wallahi."

"Usimsingizie Mungu kwa kibua."

Hakupandisha sauti hata kidogo, kama alivyoagizwa. Na kila neno lilitoka limenyooka, halina mkwaruzo, linamfikia yule mchuuzi na kunifikia na mimi nyuma ya ua. Nikasikiliza mpaka akapunguziwa na kuongezewa kimoja juu. Kisha nikaanza kuondoka. Sikupiga hodi, maana ningeingia tungeongea mpaka adhuhuri, na koo lile nililitaka lipumzike.

Nyumbani nikawakuta Hamadi na Saida wanakunywa chai na mihogo. Sikukaa. Nikawaambia:

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, hakuna mkono unaogusa mikisa kabla mwenye mkono huo hajakaa pale anapokaa mwimbaji, besi imefunguliwa, akaongea kwa upole na akajisikia. Na shughuli ikianza, mmoja wenu anakaa ubavuni mwa monita mpaka wimbo wa mwisho. Akiitwa kula, haendi. Akiitwa na wakwe, haendi. Zawadi zinawekwa kando, na anayetaka kukaa anapewa kiti. Hamadi, wewe ndiye unaanza. Acha hicho kikombe, katandike mkeka."